Pumziko la Waliotolewa Misri

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 5:1-19, Kutoka 16:13-30, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Isaya 28:11-13, Mathayo 11:28-30



Siku hizi ukimsalimia mtu hapa kwetu Chewele, iwe ni kwenye vijiji vya mradi, kando ya mto au kwa ndugu zetu wafugaji, ni nadra akujibu "mzuri". Anakwambia, "Tunasukuma." Na ni kweli tunasukuma. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo, mifugo ikaisha. Mvua iliporudi Novemba 2023 ilirudi na mafuriko, halafu Aprili na Mei 2024 Mto Tana ukavunja kingo tena. Mtu aliyepoteza kwa jua, akapoteza tena kwa maji, anarudi shambani akitaka kufidia kila kitu kwa msimu mmoja. Anaamka mapema kuliko zamani, analala akiwa amechelewa, na hata akilala simu iko karibu na sikio.

Kwa hiyo najua jinsi neno "pumzika" linavyosikika kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri, akachota maji, akawasha moto, akawatayarisha watoto, saa kumi na mbili yuko kwenye shamba la mwingine kwa kibarua, jioni ana shamba lake mwenyewe, usiku ana nguo za kufua. Ukimwambia apumzike atakuuliza, "Mchungaji, nikipumzika tutakula nini?" Ni swali la haki, na sitaliruka. Ila nataka tulifikie kwa njia ambayo Biblia yenyewe inapitia. Biblia haikuanza kuwafundisha kupumzika matajiri. Ilianza na watumwa waliokuwa wanafyatua matofali.

Hebu soma Kutoka 5 polepole. Musa na Haruni wanaomba ruhusa ya safari ya siku tatu, watu wakamwabudu Bwana jangwani. Farao anajibu kama msimamizi yeyote mkali: anawalaumu kwamba wanawapumzisha watu waache mizigo yao. Siku ileile anatoa agizo jipya. Nyasi za kuchanganya na udongo hawatapewa tena, wazitafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali ibaki ileile. Wasimamizi wa Kiisraeli wanapigwa kwa kushindwa kuifikisha. Wakienda kulalamika wanaambiwa ni wavivu, ndiyo maana wanataka kwenda kuabudu.

Sasa angalia ni nani anayesema "wavivu" katika sura hii. Si Mungu. Ni Farao, na analirudia. Kuna wapendwa wengi ambao wakikaa chini dakika kumi tu, ndani yao inazuka sauti inayowaita wavivu, na wao wanadhani ni Roho Mtakatifu anawakemea. Mpendwa, chunguza hiyo sauti vizuri. Uvivu upo, na Neno linaukemea waziwazi (Mithali 6:6-11, 2 Wathesalonike 3:10). Lakini niseme ukweli wangu: katika watu wanaosoma karatasi hii siwaoni wavivu wengi. Naona watu waliochoka.

Twende Kutoka 16. Wametoka Misri, wako jangwani, chakula kimekwisha. Mungu anawapa mana, pishi moja kwa kila mtu kwa siku. Aliyejaribu kuweka akiba ya kesho aliamka akakuta funza na harufu mbaya. Siku ya sita wakakusanya pishi mbili, na safari hii akiba haikuoza. Siku ya saba hakukuwa na kitu chini. Pamoja na kuambiwa mapema, wako waliotoka asubuhi hiyo na vyombo vyao kwenda kutafuta (mstari wa 27). Wamerudi mikono mitupu.

Hao watu wa mstari wa 27 nawaelewa sana. Mwili wao umetoka Misri, lakini mikono bado ina hesabu ya matofali. Hawajui kukaa. Kwa mtumwa, siku isiyo na kazi ni siku ya kupigwa. Ndiyo maana Mungu aliwafundisha kupumzika kwa chakula kabla hajawapa Amri Kumi: Sinai ni sura ya 20, mana ni sura ya 16. Na hakuwafundisha mara moja akaacha. Mana ilianguka miaka 40. Piga hesabu kwa majuma 52 kila mwaka, utapata zaidi ya siku za saba 2,000 ambazo mtu alikaa hemani mwake, akatazama nje akaona jangwa tupu, na bado akala. Imani yao ilijengwa hivyo, juma kwa juma, tumboni.

Hapo ndipo ninapotaka uelewe jambo moja. Wengi wetu tunadhani pumziko ni kile kinachobaki kazi ikishaisha. Lakini kazi haiishi! Kama unangoja palizi iishe, deni liishe, watoto wamalize shule, nyumba iezekwe mabati, utapumzika kaburini. Waisraeli hawakupumzika kwa sababu jangwa lilikuwa limeisha. Walipumzika jangwa likiwa bado lipo, na kukaa kwao kulikuwa ni kusema: anayetulisha si Farao, na wala si mikono yetu.

Sasa linganisha amri ya siku ya pumziko katika Kutoka 20 na Kumbukumbu la Torati 5. Amri ni ileile ila sababu ni tofauti. Katika Kutoka, sababu ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika baada ya uumbaji. Katika Kumbukumbu anawaambia wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri na Bwana akawatoa. Na anataja kwa orodha wanaopaswa kupumzika: mwana, binti, mtumwa wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, mgeni aliyemo mjini. Mtumishi wako apumzike sawasawa na wewe.

Mungu alimtaja punda, wapendwa. Wenye mikokoteni ya maji mko hapa, mmesikia.

Lakini nikae zaidi kwa watu. Tuna dada wanaotusaidia kazi za nyumbani. Tuna vijana wanaochunga mifugo yetu (hao ndio wachungaji wa kweli, sisi tumeazima jina), vijana wanaoendesha pikipiki zetu na kuleta hesabu kila jioni, vijana wa duka. Je, siku yao iko wapi? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inasema mfanyakazi ana haki ya kupumzika angalau siku moja katika kila siku saba. Hiyo ni serikali imesema, na Bwana alishasema zamani. Lakini Jumapili utamkuta mama wa Yesu ameinua mikono ibadani akilia kwa furaha, na nyumbani msichana wa miaka ishirini anachinja kuku, anasonga ugali, anafua, kwa sababu kuna mgeni baada ya ibada. Na mgeni mwenyewe, mara nyingi, ni mchungaji. Pumziko la namna hiyo halijakomesha Misri. Limembadilisha tu anayefyatua matofali.

Wako wakubwa wa dunia waliowahi kuona siku saba ni hasara. Baada ya mapinduzi, Ufaransa ilileta kalenda yenye juma la siku kumi mwaka 1793. Ilipofika Januari 1806 ilikuwa imeachwa. Umoja wa Sovieti ulianza juma la siku tano mwaka 1929, viwanda visisimame kamwe, wafanyakazi wakigawanywa kwa zamu hata mume na mke hawakutani siku ya mapumziko. Wakajaribu siku sita, na mwaka 1940 wakarudi kwa saba. Sisemi zaidi hapo.

Turudi Bura. Wazee waliokuja kwenye mradi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka pande zote za Kenya wanaijua habari ya pampu. Maji ya mashamba yalisukumwa kutoka Mto Tana pale Nanigi kwa mashine za dizeli. Mashine ikinguruma, pamba inakubali. Lakini dizeli ni ghali na mashine inachakaa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi ulikuwa umelala, mashamba yamekauka, mathenge yameota hadi kwenye mifereji. Nilipokuwa nasoma biashara tulifundishwa kuandika uchakavu katika hesabu za kila mwaka. Yaani mashine, hata ikinguruma vizuri, kila mwaka inapoteza kiasi cha thamani yake, na mfanyabiashara asiyeandika kiasi hicho anajidanganya kwamba ana faida. Siku itakapokufa atashangaa, kumbe ilikuwa inakufa kidogo kidogo.

Wako wapendwa ambao hawajawahi kuandika uchakavu wao. Mgongo unauma, presha iko juu, usingizi hauji, hasira iko karibu, watoto wanakukimbia ukiingia nyumbani. Hizo zote ni hesabu, ila ziko upande wa kitabu usiopenda kuufungua. Bado unasema biashara inaenda vizuri.

Baadaye ukaletwa mpango wa mfereji wa kuchukua maji ya Tana kutoka sehemu ya juu, yateremke yenyewe hadi mashambani bila pampu. Mkulima wa maji ya kuteremka bado ana kazi: atafungua maji, atapalilia, atachunga ndege. Kinachomtoka ni ule wasiwasi wa usiku kwamba mashine ikinyamaza kila kitu kinakufa. Wengi tumeokoka lakini bado tunaishi kwa pampu. Tunaomba kwa kusukuma, tunatoa kwa kusukuma, tunadhani tukinyamaza siku moja neema itakauka. Neema inatoka juu, mpendwa, nayo inateremka yenyewe.

Na wafugaji wana mahubiri yao hapa, nitayagusa tu. Ng'ombe hashibi kwa kula peke yake. Lazima alale chini acheue. Ukimswaga kutwa nzima kutoka malisho hadi malisho, hata yakiwa mazuri, atakonda. Sasa rudi kwenye Zaburi 23:2 uone ni kitu gani Mchungaji Mwema anamfanyia kondoo kabla ya kumwongoza njiani.

Nije kwetu kanisani, maana itakuwa si haki kuwasema waajiri na kunyamaza kuhusu sisi. Sisi Wapentekoste tunaipenda 1 Wakorintho 14, na katika mstari wa 21 Paulo, akizungumza juu ya kunena kwa lugha, anachukua maneno kutoka Isaya 28. Lakini ni wangapi tumerudi kuisoma Isaya yenyewe? Nabii anasema Mungu atazungumza na taifa hili kwa midomo ya wageni. Kwa nini? Kwa sababu alishawaambia kwa lugha wanayoielewa kwamba hapa ndipo pa kupumzika, na kwamba wampumzishe aliyechoka, nao hawakutaka kusikia. Soma mistari ya 12 na 13 uone kilichofuata: neno la Mungu likawa kwao sharti juu ya sharti, kanuni juu ya kanuni, mpaka wakaanguka kinyumenyume. Watu wa lugha ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kulijua pumziko hili. Isije ikawa tunanena kwa lugha juu ya migongo ya watu waliochoka.

Tuna maombi katikati ya juma, tuna somo, tuna mazoezi ya kwaya, tuna kesha, tuna ibada mbili. Kesha ni silaha, na siiondoi. Bwana wetu mwenyewe alikesha mlimani. Lakini Bwana huyohuyo alilala usingizi chomboni dhoruba ikivuma (Marko 4:38), na sijasikia tukitangaza ibada ya kulala. Mama aliyekesha Ijumaa, akashinda sokoni Jumamosi, akaimba na kupika Jumapili, akiugua Jumatatu tusikimbilie kumwambia ni vita vya kiroho kabla hatujamwuliza amelala saa ngapi. Eliya alipokaa chini ya mti akiomba afe (1 Wafalme 19), Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Swali la kwanza alimwuliza baadaye kabisa, alipofika Horebu. Nimependekeza kwa viongozi tukae na ratiba yetu tuitazame kwa jicho hilo, na naamini tutafanya hivyo.

Sasa swali la yule mama. Nikipumzika tutakula nini? Kwa Waisraeli pishi ya pili iliteremka siku ya sita. Kwetu sisi mtu wa kibarua akikosa siku amekosa mlo, na asubuhi haamki akakuta mana imetanda kwenye mathenge. Kumwambia "kuwa na imani tu" ni kumtupia maneno. Lakini Paulo aliisoma habari ya mana, na tazama alikoipeleka. Katika 2 Wakorintho 8:13-15 anawaomba Wakorintho wachange kwa ajili ya ndugu wenye uhitaji, na andiko analolitumia ni lile la mana, la aliyekusanya vingi kutozidiwa na aliyekusanya vichache kutopungukiwa. Yaani kwa Paulo, pishi ya pili ya ndugu yako inaweza kuwa iko nyumbani kwako.

Hiyo inawezekana hapa. Watu sita wakiingia na majembe kwenye shamba la mjane asubuhi ya Jumamosi, palizi ya siku nne inaisha kabla jua halijawa kali, na mama huyo ana siku ambayo hakuitarajia. Binti mmoja akibaki na watoto wa mwenzake mchana mmoja, mwenzake analala. Si mradi wa kuombea ufadhili. Wapokomo, Waorma, Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo, sote tuna mila ya kusaidiana kazi. Tumeiacha tu kwa sababu kila mtu anasukuma peke yake.

Kuhusu madeni nitasema kidogo. Deni halina Sabato. Fuliza, tangu ilipoanza mwaka 2019, imewasaidia wengi siku mbaya, na sina ugomvi na mikopo ya simu, lakini ada inayohesabiwa kwa siku inahesabiwa hata ukiwa kanisani. Mtu mwenye mikopo mitano iliyofichwa hata mkewe asijue hatapata pumziko kwa kuombewa peke yake. Chukua karatasi, andika yote, nani unamdai, nani anakudai, kiasi gani. Mwonyeshe mwenzako. Nenda kwa unayedaiwa mzungumze kabla hajakutafuta. Anayetaka msaada wa kupanga hesabu hizo aje ofisini Alhamisi mchana, ni siri yake na yangu.

Na kama siku nzima haiwezekani kwako sasa, usikate tamaa wala usijitie hatiani. Anza na jioni moja ambayo simu inazimwa saa tatu. Wako pia watakaouliza ni siku gani, Jumamosi au Jumapili; soma Wakolosai 2:16-17 na usigombane na jirani yako Msabato, maana angalau yeye siku yake anaishika.

Tumalizie na Mathayo 11. Yesu anawaita waliochoka na waliolemewa, anaahidi kuwapumzisha, na katika pumzi ileile anataja nira. Nira ni chombo cha kazi! Ukimwona punda mwenye kidonda shingoni utajua kuna kitu hakikumkaa sawa kwa siku nyingi, na bado akaswagwa. Neno analolitumia Yesu kwa nira yake lina maana ya kitu chema, chenye kufaa. Na nira ya ng'ombe wa kulima kwa kawaida ni ya wawili. Anayekuita hakutumi shambani peke yako, naye ni mpole, hana hesabu ya matofali mkononi.

Wiki hii vikundi vya ushirika wa nyumbani visome Waebrania 4:1-11, na kila mmoja aje na jibu la swali moja: ni nani anayefanya kazi ili mimi nipumzike, na siku yake ni ipi? Viongozi wa vikundi waandike pia jina la mama mmoja ambaye shamba lake litapaliliwa Jumamosi. Majembe tunayo, tukutane kanisani saa kumi na mbili asubuhi.